Mshono Mubashara

2 Februari

Mpwa wangu Waya,

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na mama yako. Nakuandikia kwa kalamu, na usinicheke. Mimi na simu tuliachana bila talaka tangu masikio yangu yalipoanza kuchagua ya kusikia. Na mashine yangu ya mezani, ile kompyuta, ina mzigo wa kutosha, sioni vyema kuitwisha tena barua ya kuilalamikia.

Unajua kwamba kila Jumamosi saa kumi alasiri naelekeza kamera kwenye mikono yangu na kurusha mubashara somo la kujalidi vitabu. Nina watazamaji kumi na wanne. Kumi na watatu siwajui. Wa kumi na nne ni mama yako. Jumamosi iliyopita picha iliganda mara sita. Feni ya mashine ikavuma mpaka fundi viatu wa chini akapanda ngazi kuniuliza kama nimefungua kinu cha unga.

Ingekuwa ni kwa ajili ya wale kumi na watatu tu, nisingekusumbua. Lakini zipo karatasi za baba, babu yako. Mikunjo kumi na mmoja, kila mmoja karatasi nane zilizokunjwa pamoja, zimeandikwa kwa mkono wake kila alichojua juu ya ufundi wake, na hazikuwahi kushonwa. Yeye aliyeshona vitabu vya mji mzima alikufa chake kikiwa wazi. Mama yako amezitunza sandukuni miaka arobaini na mmoja, tangu mimi nilipoondoka. Hataki fundi mwingine aziguse. Anataka tuzishone pamoja siku moja: mimi huku nikishika karatasi tupu, yeye kule karatasi zenyewe, tundu kwa tundu, kwa wakati mmoja, yeye akifuata mikono yangu.

Nilimwambia nitamrekodia, atazame kwa nafasi yake. Akanijibu kwamba mtu aliyerekodiwa anaweza kuwa ameshakufa. Hoja hiyo nimeigeuza pande zote na sijaona pa kuishika.

Wewe ndiye fundi wa mambo haya katika ukoo. Niambie nifanye nini.

Mjomba wako,
Gundi


13 Februari

Shikamoo mjomba,

Barua yako nimemsomea mama. Pale pa kinu cha unga alicheka mpaka akakohoa. Hajambo, anakusalimu.

Mjomba, wewe unaona picha "imeganda". Njoo uone huku! Juzi umeganda umeinua mkono na sindano, mdomo umeuacha wazi, na mimi niko jikoni. Nasikia: "Waya! Waya we! Njoo, Gundi kafa! Kafa na sindano mkononi!" Nimefika, anaipiga skrini kofi kama anamwamsha mtoto. Ukarudi, ukasema, "Sasa tundu la tatu." Mama akakaa chini, akakutukana tusi ambalo sitaliandika. Lakini wakati huohuo alikuwa ameshika msharasi, akatoboa pasipo mahali pake. Ilikuwa karatasi ya mazoezi tu. Ingekuwa ya babu, sijui.

Sasa dawa. Mashine yako haina tatizo la mtandao, ina tatizo la prosesa, yaani kichwa chake cha kufikiria. Kurusha mubashara ni kazi nzito kwa sababu kila picha inabanwa iwe ndogo ndipo itumwe, na haingoji. Kwa hiyo:

Punguza ukubwa wa picha, toka ile mistari 1080 uliyojiwekea kama kituo cha televisheni, iwe 720. Punguza picha kwa sekunde, toka sitini mpaka thelathini. Wewe unashona, huchezi mpira. Yale maandishi yanayotembea chini, "Karibuni wapenzi wa vitabu", yaondoe, yanakula nguvu bure na waliokaribia wameshakaribia. Kisha nenda palipoandikwa "Kasi ya kubana", hapo umpunguzie mzee mzigo.

Na swali: wakati unarusha, unarekodi pia? Nijibu hilo.

Menyu hiyo ya Kiswahili tumeitafsiri sisi, watu wanne wa kujitolea. Ukiona kosa la herufi, nakuomba, kalamu nyekundu iache kwenye droo.

Mpwa wako,
Waya


24 Februari

Mpwa wangu,

Nimetii kila neno, na hali imekuwa mbaya zaidi.

Picha nimeipunguza. Maandishi yanayotembea nimeyaondoa, nikayaaga. Nikafika kwenye "Kasi ya kubana" na hapo nikakuta orodha ndefu: haraka mno, haraka sana, haraka, wastani, polepole, polepole sana. Mashine ilikuwa imewekwa kwenye "wastani". Nikaitazama. Ina miaka tisa, na kwa mashine miaka tisa ni uzee wa heshima. Nikajiambia, Waya amesema nimpunguzie mzee mzigo, na mzee hakimbizwi. Haraka haraka haina baraka, tumelelewa hivyo. Nikachagua "polepole sana", nikaipangusa vumbi kwa kitambaa, nikarusha.

Sikufika hata tundu la kwanza. Prosesa ikapanda mpaka asilimia tisini na tisa. Sauti yangu, wanasema, ilikuwa inatoka vipandevipande kama mtu anayezama. Watazamaji walibaki watano. Mmoja aliandika, "Pole babu."

Nieleze nimekosea wapi. Miaka thelathini nimekula mkate wa huku kwa kusahihisha maandishi ya watu: ratiba za treni, maelekezo ya mashine za kufulia. Najua kusoma maelekezo. Haya nimeyasoma vizuri, na bado yamenigeuka.

Jambo jingine. Mama yako ameniandikia bahasha kwa mkono wake. Herufi zimekuwa kubwa na mstari umeteremka upande wa kulia kama unakwenda sokoni. Yeye aliyekuwa akinipiga kwa rula nikiandika mstari uliopinda. Hajambo kweli?

Mjomba wako,
Gundi


27 Februari

Mdogo wangu Gundi,

Nakuandikia kabla Waya hajarudi kutoka kazini, maana barua nikimwachia yeye anazitia adabu.

Jumamosi umeganda kabla hujaanza. Safari hii sikusema umekufa, nimeshakuzoea ukifa. Lakini nakwambia mapema: karatasi za baba sitazitoboa kwa kufuata picha ya mtu aliyeganda. Karatasi ni kavu, ukikosea tundu halizibiki. Ukishindwa sema umeshindwa, tujue.

Na tuzishone kabla ya mwisho wa Aprili. Usiniulize kwa nini. Nina shughuli zangu.

Unakula? Mikono yako imekonda. Unaonyesha mikono tu, uso huonyeshi, unadhani mikono haisemi.

Dada yako,
Sindano


7 Machi

Shikamoo mjomba,

Hii barua nimeisomea ofisini, kwenye chumba cha mitambo cha chuo, mhadhiri wa uhandisi anazungumza upande wa pili wa kioo na mimi ndiye ninayemrusha hewani. Nilipofika "mzee hakimbizwi" nilicheka mpaka mhadhiri akanyamaza, akadhani suruali yake ina kasoro.

Umesoma vizuri, mjomba. Tulioandika vibaya ni sisi. Ile "polepole" si mwendo wa mashine. Ni namna inavyobana. Chukua watu wawili wanafunga sanduku la safari. Mmoja anakunja kila shati, anaviringisha soksi, anazipachika ndani ya viatu. Sanduku linatoka dogo na zuri, ila yeye jasho linamtiririka. Huyo ndiye Polepole Sana. Mwingine anatupia nguo ndani, anakalia kifuniko, anavuta zipu. Sanduku limevimba kidogo, lakini yeye hata hajahema. Huyo ndiye Haraka Sana. Sasa wewe umempa mzee wa miaka tisa mashati thelathini kila sekunde, umemwambia akunje moja moja, na basi liko mlangoni linapiga honi!

Weka "haraka sana". Picha itapoteza unadhifu kidogo tu, hakuna atakayeona.

Pili: nilikuuliza kama unarekodi. Mtu aliyeandika kurasa mbili asijibu swali moja, ameshalijibu. Unarekodi. Tena unarekodi kwa ubora mkubwa kuliko unaorusha, kwa hiyo mashine inabana mara mbili. Nenda kwenye "Ubora wa kurekodi", chagua "sawa na kinachorushwa". Unapika chungu kimoja, unapakua sahani mbili. Halafu jaribu na hili: mahali pa "Kibanaji" chagua kadi ya picha badala ya prosesa. Kadi huwa imekaa tu inapiga miayo. Ila kama ni ya zamani sana itagoma, ikigoma usiilazimishe.

Tatu, na hii sijamsomea mama. Jicho lake la kushoto lilishakwenda mwaka juzi. La kulia lina ukungu, na tarehe 30 Aprili wanamfanyia upasuaji. Daktari ana matumaini, ila haahidi. Mama aliniapisha nisikwambie. "Akijua ataanza kunihurumia, na Gundi akihurumia mtu mikono inamtetemeka." Nimevunja kiapo, dhambi tugawane.

Waya


18 Machi

Mpwa wangu,

Sehemu yangu ya dhambi nimeipokea.

Nianze na mashine. Kadi ya picha nimeijaribu. Imenipa mikono ya kijani, kama nimejalidi vitabu vya majini. Nimeiacha ilale. Kurekodi nimeweka "sawa na kinachorushwa". Kasi nimeweka "haraka sana". Jumamosi iliyopita nilirusha saa nzima, prosesa haikupita asilimia arobaini na moja, na feni ilinyamaza kabisa. Fundi viatu alipanda ngazi tena. Safari hii alitaka kujua kama niko hai.

Ule mfano wako wa sanduku umenikaa. Mimi niliondoka nyumbani na sanduku lililofungwa na huyo Haraka Sana. Ningepaswa kumtambua.

Ni kweli, nilikuwa narekodi. Sikukujibu kwa sababu ya aibu. Dada alinikatalia rekodi kwa hoja yake ile, na ni hoja hiyohiyo iliyonifanya nirekodi kwa siri: siku kiti changu kitakapokuwa kitupu, na iwepo mikono inayotembea mahali fulani. Sasa unajua, na tusilizungumze tena.

Kalamu nyekundu nimeitoa kwenye droo, nisamehe. Neno lenu si la kosa la herufi, ni la kosa la maana. Kinachopimwa pale si kasi, ni bidii ya kubana. Andikeni "juujuu" mahali pa haraka, na "kwa makini" mahali pa polepole. Mtu akisoma "kwa makini" atajua kuna mtu anatoka jasho.

Kuhusu jicho. Nimekaa nikifikiri namna ya kumkuzia picha bila kuirudishia mashine mzigo, na jibu limekuwa jepesi kunizidi: si lazima picha iwe kubwa, kamera iwe karibu. Nimeishusha mpaka shubiri moja juu ya karatasi. Skrini nzima sasa ni matundu matano na vidole vyangu. Uzi nimebadilisha, nimechukua mwekundu, unene wa kamba ya viatu. Fundi wa chini amenipa. Karatasi tupu ni nyeupe. Hata mwenye ukungu ataona njia. Na nimepunguza picha kwa sekunde mpaka ishirini na nne, nashona taratibu, hakuna kitakachopotea katikati.

Mwambie Jumamosi ya tarehe 11 Aprili, saa kumi. Usimwambie kwamba najua.

Mjomba wako,
Gundi


14 Aprili

Gundi, mdogo wangu,

Kimeshonwa. Kipo hapa mezani, nimekiwekea jiwe juu kilale vizuri.

Nakuandikia polepole kwa sababu nataka uisome mwenyewe bila kuuliza Waya ni herufi gani hii. Hukuganda hata mara moja. Muda wa saa mbili kasoro, na vidole vyako vikienda tu. Nilikuwa nimejitayarishia matusi, nimeyarudisha kabatini.

Sasa nikwambie mawili matatu, unisikilize.

Kwanza, uzi mwekundu. Baba hakuwahi kushona kwa uzi mwekundu hata siku moja, alisema kitabu si zulia. Kwa hiyo Waya amekwambia habari ya jicho langu. Nimemuuliza, ameangalia dari. Sijakasirika. Lakini mikono yako ilianza kutetemeka mkunjo wa pili, kama nilivyosema itatetemeka, na ikatulia ulipoanza kuzungumza habari ya gundi ya unga. Unahurumia mtu kwa mikono tangu zamani.

Pili. Kwenye mkunjo wa saba uliondoka. Mikono ikatoka kwenye picha, ikabaki karatasi tupu na uzi unaning'inia. Waya akaruka: "Imeganda!" Nikamwambia, kaa chini wewe fundi, tazama ncha ya uzi. Ulikuwa unatikisika. Picha ilikuwa hai, ila mtu hayupo. Uliporudi ukasema sindano ilianguka.

Haikuanguka. Sindano ilikuwa kwenye uzi, naiona, inameremeta. Ulisahau, Gundi. Pale kwenye mkunjo wa saba ndipo uzi wa baba unaporudi nyuma matundu mawili kabla ya kufunga, na pale ndipo ulipokuwa ukisahau ukiwa na miaka minane, umekaa chini ya meza unalamba gundi. Najua kwa sababu ni mimi niliyekufundisha. Baba alikuwa hana subira na wewe. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, nilikushika kidole nikakirudisha nyuma, moja, mbili, funga.

Kwa hiyo sikukungoja. Ulipokuwa unatafuta nilirudi nyuma, nikafunga, nikaanza wa nane. Ulipokaa tena kitini mimi nilikuwa mbele yako. Kutoka hapo mpaka mwisho wewe ndiye uliyekuwa unanifuata, ila hukujua kwa sababu mimi huwezi kuniona.

Utauliza, kama najua, kwa nini nimekusumbua miezi yote hii na mashine yako? Ningeweza kuzishona mwaka juzi nikiwa bado na macho mawili. Nilifungua sanduku mara tatu, nikalifunga. Kazi ya watu wawili mtu mmoja akiifanya inakuwa mazishi.

Basi. Nenda ukale.

Dada yako,
Sindano


4 Mei

Shikamoo mjomba,

Kwa ufupi, maana nimekesha hospitali na sasa narudi kazini. Upasuaji umekwenda vizuri. Bandeji imetolewa juzi. Daktari alimwonyesha vidole akamuuliza ni vingapi, mama akamjibu, "Vitatu, na kucha zikatwe." Anaona, mjomba. Anasoma hata yaliyoandikwa nyuma ya sanduku la sukari, na anayasoma kwa sauti, nyumba nzima tunajua sukari ilitoka wapi.

Habari ya menyu: tumekaa wanne tukabishana wiki mbili. "Juujuu" wenzangu wamelikataa, wanasema linamtukana mtumiaji. Tumeacha "polepole" lakini chini yake tumeongeza mstari: "Hubana vizuri zaidi, huchosha prosesa." Sentensi hiyo imetokana na wewe. Nukta ya mwisho nimeiweka mwenyewe, najua ungeitafuta.

Mama anauliza mbona hujamjibu. Anajifanya haulizi, lakini kila nikirudi anaangalia mkoba wangu.

Waya


14 Mei

Dada,

Shikamoo. Sikukujibu mapema kwa sababu nilitaka usome barua hii kwa macho yako. Haya si ya kusomewa na mtoto.

Sindano haikuanguka. Nilisimama, nikaenda kwenye rafu, nikachukua kitabu nilichoondoka nacho, ambacho baba alikishona, nikakifungua mgongo kidogo kuchungulia uzi unarudi wapi. Nilichukua dakika nne. Kwa dakika nne hizo watu kumi na wanne walitazama karatasi tupu, na mimi nimempa kila mtu kisingizio kimoja, na wewe peke yako ndiye hukukinunua.

Nikwambie na la pili, ambalo hata Waya halijui. Baada ya somo nilitazama rekodi yangu. Nilitaka kuona kama nilirudi mapema. Na nikaona kitu: kuanzia mkunjo wa nane nashona vizuri kuliko nilivyowahi kushona. Vidole havisiti. Nilidhani ni kile kitabu cha rafuni kilichonikumbusha. Barua yako ilipofika niliirudia rekodi ile, nikaitazama nikijua kwamba wakati ule ulikuwa mbele yangu. Siwezi kukueleza tofauti. Mikono ni ileile.

Miaka yote hii nimekuwa nikisema huku kwamba nilijifunza kujalidi kwa baba yangu. Nimewaambia majirani, nimewaambia wale kumi na watatu kila Jumamosi. Jumamosi iliyopita nimewasahihishia. Mmoja akaandika kuuliza huyo dada yuko wapi na kwa nini hafundishi yeye. Nadhani ni swali sahihi.

Sikuondoka kwa kupenda, na kurudi hakukuwa kwangu kuamua. Tangu siku ile sijakuona unafanya lolote. Picha mnato ulizonitumia nimeziona, za arusi, za Waya mdogo. Lakini kukuona unafunga uzi, unapangusa meza, unamfokea mtu, sijaona.

Kwa hiyo nakuomba hivi. Mwambie Waya achukue mashine ya nyumbani, aweke picha mistari 720, ishirini na nne kwa sekunde, kasi "haraka sana", ashushe kamera mpaka shubiri moja juu ya meza yako, kisha aipandishe kidogo mpaka uso nao uingie. Jumamosi saa kumi mimi nitazima kamera yangu. Nitakaa huku na karatasi tupu na uzi mweupe, nitakufuata wewe.

Anza na mkunjo wa saba.

Mdogo wako,
Gundi